Gari la zamani halipigi stata, au linapiga haliwaki: kuufuata moto kutoka betri hadi plagi

Stata nyingi zinazofunguliwa na kubadilishwa huku kwetu Nyanda za Juu Kusini hazina ubovu wowote. Ubovu unakuwa kwenye tamino (kishikio cha waya kwenye nguzo ya betri) iliyoota unga, kwenye waya wa ethi (njia ya umeme kurudi hasi ya betri) uliosahaulika baada ya giaboksi kushushwa, au kwenye swichi ya ufunguo iliyochoka. Mwenye gari ananunua stata ya mtumba, inafungwa, gari linawaka siku mbili tatu kwa sababu tu tamino zilikazwa upya wakati wa kazi. Halafu tatizo linarudi palepale, na hela imeshakwenda.

Dawa yake ni kupima kabla ya kufungua. Maelezo haya ni ya magari yenye distributa (kifaa kinachogawa cheche kwa kila plagi): Corolla na Carina za miaka ya 1980 na 1990, Datsun za pickup, Peugeot 504, Hilux za petroli, Land Rover Series III. Mwenye dizeli atumie sehemu ya betri na stata. Ya koili (inayokuza volti ili cheche itoke) na plagi haimhusu.

Vifaa

Multimita ya dijitali ya kawaida inatosha. Ongeza spana namba 10, 12, 13 na 14, brashi ya waya, msasa laini, fila geji (kipimo cha nafasi ndogo), jampa moja nene, na kipande cha waya wa milimita 2.5 za mraba chenye urefu wa mita moja na nusu. Kisha tengeneza taa ya kupimia: chukua balbu ya indiketa ya volti 12, wati 21, uiunge nyaya mbili zenye klipu.

Balbu hiyo usiidharau. Mita haivuti umeme wa maana, kwa hiyo waya uliobakiwa na uzi mmoja tu ndani ya plastiki utakuonyesha volti 12 safi, nawe utaamini ni mzima. Balbu ya wati 21 inavuta karibu ampia 2. Ukiigusisha kwenye waya wa namna hiyo itawaka kwa unyonge, au haitawaka kabisa. Kwa waya uliokatika kwa ndani, balbu ni bora kuliko mita.

Kabla ya lolote: gia iwe nyutro (au P kwa otomatiki), hendibreki imevutwa, tairi limewekewa kigingi. Vua pete na saa ya chuma. Usivute sigara wala kuwasha kiberiti karibu na betri, kwani gesi inayotoka humo hulipuka. Usipige stata zaidi ya sekunde 10 kwa mkupuo; ipumzishe dakika moja au mbili, vinginevyo utaiunguza wewe mwenyewe wakati unaitafutia ubovu.

Anza kwa taa na masikio

Washa taa kubwa za mbele, kisha geuza ufunguo hadi mwisho huku mtu anazitazama taa.

Taa zikizimika kabisa ufunguo unapogeuzwa, muunganiko umeachia kwenye tamino au kwenye waya mkuu. Zikififia sana na stata ikavuta kwa shida, betri imeshuka, au stata imeng'ang'ania, au injini ni nzito. Zikififia na ukasikia "ta-ta-ta-ta" ya haraka, betri haina nguvu ya kuishikilia solenoidi (swichi ya sumaku ya stata). Zikibaki na mwanga uleule na kukawa kimya, amri ya ufunguo haifiki kwenye stata. Zikibaki na mwanga uleule na ukasikia "tak" moja, amri imefika, ila solenoidi haipitishi umeme kwenda kwenye mota, au brashi za ndani zimekwisha.

Kama hakuna taa yoyote, hata ya dashibodi, usiguse stata. Angalia tamino, kisha fyuzi kubwa ya kuyeyuka iliyo karibu na tamino ya chanya. Kwenye Toyota nyingi ipo pale kama kipande cha waya au kisanduku kidogo; ikiungua, gari lote linakuwa giza.

Betri, hasa wakati wa baridi

Pima betri ikiwa imetulia saa kadhaa bila kuchajiwa. Volti 12.6 au 12.7 maana yake imejaa. 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, na chini ya 11.9 imekwisha. Kisha pima wakati stata inazunguka. Ikishuka chini ya 9.6, betri ni dhaifu au stata inavuta kupita kiasi. Ili kuzitenganisha, weka betri nyingine uliyo na hakika nayo na urudie kipimo.

Namba hiyo ya 9.6 ni ya hali ya hewa ya kawaida. Alfajiri ya Juni au Julai pale Uyole, Makete au Njombe, betri inatoa nguvu pungufu na oili ya injini imekuwa nzito, kwa hiyo stata inadai zaidi wakati betri inatoa kidogo. Gari linalowaka vizuri saa sita mchana na kugoma alfajiri mara nyingi halina ubovu wa waya. Lina betri ya miaka mingi na oili ya 20W-50. Kwa injini isiyokula oili, 15W-40 husaidia sana asubuhi za huku. Kama betri ni ya kuongeza maji, tumia maji yaliyosafishwa ya betri. Ya bomba yana madini yanayoiua.

Tamino zifungue hata kama zinaonekana safi. Kinachozuia umeme ni utando wa kijivu kati ya nguzo ya betri na uso wa ndani wa tamino, mahali ambapo jicho halifiki. Mwagia maji ya moto kuondoa unga, sugua ndani kwa msasa hadi risasi ing'ae, kaza, kisha paka grisi juu. Ukipaka kabla ya kukaza utakuwa umeweka kizuizi kipya. Anza kufungua hasi, umalizie kufunga hasi, ili spana ikigusa bodi isipige shoti.

Kupima volti zinazopotea njiani

Hiki ndicho kipimo ambacho kingeokoa stata nyingi, na ndicho kinachorukwa zaidi. Injini ndogo ya petroli huvuta kati ya ampia 100 na 200 inapozungushwa. Dizeli huvuta zaidi. Kwa mzigo huo, sehemu yoyote yenye kutu inakula volti. Gari likiwa limetulia huwezi kuliona kosa hilo, lazima upime huku stata imeamriwa. Unahitaji mtu wa kushika ufunguo.

Kwanza, kwenye gari la petroli, chomoa waya mnene wa katikati ya distributa na uugusishe kwenye injini, ili injini izunguke bila kuwaka. Kama koili imefichwa ndani ya distributa, kama kwenye baadhi ya Corolla za miaka ya 1990, chomoa soketi ya distributa badala yake. Weka mita kwenye volti za DC.

Upande wa moto (chanya): gusisha waya mwekundu wa mita kwenye nguzo yenyewe ya chanya ya betri (nguzo, si tamino), na mweusi kwenye bolti nene ya stata inayopokea waya wa betri, ile yenye namba 30. Piga stata. Mita isizidi 0.5. Ikionyesha 1 au 2, hizo ndizo volti zinazopotea kabla ya kufika. Sogeza ncha ya mita kidogo kidogo: nguzo hadi tamino, tamino hadi waya, waya hadi bolti. Pale namba inaporuka ndipo penye kutu.

Upande wa ethi: mweusi kwenye nguzo ya hasi, mwekundu kwenye bodi ya stata yenyewe, mahali palipokwanguliwa rangi. Piga stata. Isizidi 0.3. Ikizidi, angalia waya wa hasi unapofungwa kwenye injini, na ule mkanda wa ethi unaounganisha injini na chasisi. Injini imekaa juu ya raba, kwa hiyo bila mkanda huo haina njia nzuri ya kurudishia umeme. Umeme utatafuta njia nyingine na kupita kwenye kebo ya akselereta au ya klachi. Ukikuta kebo ya akselereta imekuwa ngumu ghafla, plastiki yake imeyeyuka, na moshi ulitoka hapo wakati wa kupiga stata, kebo haina kosa. Tafuta ethi ya injini.

Jaribio la haraka la ethi: funga jampa nene kutoka hasi ya betri moja kwa moja hadi kwenye injini, mahali pasipo na rangi. Stata ikizunguka kwa nguvu, umeshapata jibu. Badilisha mkanda, kwangua chuma kiwe cheupe, kisha funga ukiweka washa yenye meno.

"Tak" moja na kimya

Stata ya kisasa kidogo ina sehemu tatu za kuungia. Namba 30 ni bolti nene ya waya wa betri. Namba 50 ni soketi ndogo ya waya wa amri kutoka kwenye ufunguo. Ya tatu ni bolti inayopeleka umeme kutoka kwenye solenoidi hadi kwenye mota.

Ikipiga "tak" moja na betri ni nzuri, weka mita kati ya bolti namba 30 na ile bolti ya mota, kisha mtu ageuze ufunguo. Mita ikibaki kwenye 12, vigusio vya shaba ndani ya solenoidi havikutani. Ikishuka hadi karibu na sifuri na bado stata haizunguki, vigusio ni vizima na ubovu uko kwenye brashi au ndani ya mota.

Stata za Denso zilizofungwa kwenye Toyota nyingi zina ugonjwa huu wa vigusio, na hazihitaji kubadilishwa zima. Chomoa hasi ya betri, shusha stata, fungua bolti tatu ndogo za kifuniko cha nyuma ya solenoidi. Ndani utakuta vipande viwili vya shaba na pistoni yenye sahani ya shaba. Kipande cha upande wa betri huwa kimeliwa zaidi, wakati mwingine kimebaki chembamba mpaka sahani haikifikii. Badilisha vyote viwili kwa pamoja na uangalie sahani ya pistoni inavigusa kwa wakati mmoja. Ukibadilisha kimoja, sahani itakaa upande na ugonjwa utarudi. Hapohapo kagua brashi. Zikiwa zimefupika hadi springi inakaribia mwisho wa safari yake, weka mpya.

Land Rover za zamani zenye stata ya Lucas ya bendiksi (gia ya stata inayorukia injini) zina solenoidi iliyo mbali na stata, ukutani chini ya boneti. Hapo "tak" inatoka kwenye solenoidi hiyo, na kipimo kinafanyika kati ya bolti zake mbili nene. Stata ikizunguka kwa kelele bila kuzungusha injini, bendiksi imekwama kwa uchafu. Isafishe kwa petroli na uiache kavu. Ukiipaka grisi, vumbi la Chunya litaigandisha tena ndani ya wiki chache.

Kimya kabisa: waya wa amri

Funga taa ya kupimia kati ya soketi namba 50 na ethi, geuza ufunguo. Balbu ikiwaka kwa nguvu na stata iko kimya, solenoidi ndiyo mbovu. Isipowaka au ikififia, amri inapotelea njiani.

Kama hakuna wa kukusaidia, unaweza kugusisha kile kipande cha waya kati ya namba 30 na namba 50 kwa sekunde moja. Stata ikizunguka, yenyewe ni nzima. Hakikisha kwa macho yako kwamba gia iko nyutro, maana gari lililoachwa kwenye gia litakupanda. Wala usifanye kama wanavyofanya wengi, kuunganisha bolti mbili nene kwa bisibisi: mota itazunguka bila gia kuingia, na cheche zitakula bolti.

Njiani kuna vitu vinne vya kukagua. Otomatiki ina swichi ya nyutro pembeni mwa giaboksi. Gari likigoma kwenye P jaribu N, na likiwaka kwenye N swichi hiyo imechoka au imehama. Pili ni alamu na swichi za siri zilizofungwa hapa nchini, ambazo kwa kawaida hukata waya huu wa amri na kuuunga kwa kusokota na tepu. Tatu ni soketi zilizolegea nyuma ya dashibodi. Nne ni swichi yenyewe ya ufunguo.

Kwenye nyaya za Lucas rangi zinasaidia: kahawia ni moto wa kudumu, nyeupe ni moto wa ufunguo, nyeupe yenye mstari mwekundu ni amri ya stata, nyeusi ni ethi. Kwenye Toyota nyingi amri ya stata ni nyeusi yenye mstari mweupe. Lakini gari lililopita mikononi mwa mafundi wengi halina rangi za kuaminika, kwa hiyo thibitisha kwa balbu.

Swichi ya ufunguo iliyozeeka inaweza kupitisha volti 9 badala ya 12. Solenoidi inavuta ampia nyingi mwanzoni, kwa hiyo leo inaitika na kesho haiitiki. Suluhisho la kudumu ni rilei ya pini nne ya volti 12, ampia 40. Pini 30 iende chanya ya betri kupitia fyuzi ya ampia 30. Pini 87 iende namba 50 ya stata kwa waya wa milimita 4 za mraba. Waya wa zamani uliokuwa unaenda namba 50 uufunge kwenye pini 86, na pini 85 uipeleke ethi. Swichi itabaki na kazi ya kuamsha rilei tu, na itaishi muda mrefu.

Inapiga stata vizuri lakini haiwaki

Chomoa waya wa plagi moja, chomeka plagi ya akiba, ilaze chuma chake kiguse injini, piga stata. Usiishike kwa mkono. Huo ni umeme wa maelfu ya volti. Wala usiache waya ukining'inia bila plagi kwenye gari lenye ignisheni ya elektroniki, utaua moduli (kifaa kinachofanya kazi ya pointi). Cheche ya buluu yenye mlio ni nzuri. Nyembamba na nyekundu ni dhaifu. Kama ni nzuri, tatizo lako ni mafuta au taimingi (wakati wa cheche kutoka).

Kama hakuna cheche, jaribu hivyohivyo kwenye waya mnene unaotoka kwenye koili. Ikipatikana hapo, ubovu uko kwenye kifuniko cha distributa, rota au nyaya za plagi. Isipopatikana, nenda kwenye nyaya ndogo za koili.

Ufunguo ukiwa ON, chanya ya koili iwe na volti karibu 12. Kama gari lina rezista ya koili na pointi (vigusio vinavyofunguka na kufunga ndani ya distributa) zimefunga, itakuwa 6 hadi 8. Kwa magari ya pointi, unga balbu ndogo ya wati 5 kati ya hasi ya koili na ethi, piga stata. Ikimweka-mweka, pointi zinafanya kazi. Ikiwaka tu bila kuzimika, pointi hazifungi au zina uchafu. Isipowaka kabisa, na moto upo kwenye chanya, kwa kawaida kuna shoti: pointi hazifunguki, kondensa imekufa, au kile kiwaya kidogo ndani ya distributa kinagusa bodi. Kwa elektroniki usitumie balbu. Tazama mshale wa mizunguko kwenye dashibodi. Ukitikisika wakati wa stata, koili inawashwa na kuzimwa.

Kuna dalili moja inayowasumbua wengi: injini inashika stata inapozunguka, inazimika mara tu ufunguo unapoachiwa. Rezista ya koili imekatika, au kigusio cha ON ndani ya swichi kimekufa. Wakati wa stata koili hupata moto kwa njia ya pembeni isiyopita kwenye rezista, ndiyo maana inashika. Kinyume chake, injini inayoshika pale tu unapoachia ufunguo, njia hiyo ya pembeni imekatika.

Hapa lipo kosa la manunuzi linalounguza pointi kila mwezi. Koili za zamani zipo za aina mbili: za omu 3 hivi, za kufungwa bila rezista, na za omu 1.5 hivi, za kufungwa pamoja na rezista. Kwa sura zinafanana. Ukifunga ya omu 1.5 bila rezista, itavuta ampia 8 badala ya 4, pointi zitaungua na koili itachemka. Nenda dukani na mita, pima kati ya chanya na hasi kabla hujalipa.

Pointi zipange kisigino kikiwa juu kabisa ya nundu ya kamu: milimita 0.40 kwa Lucas, 0.45 kwa Denso. Ukizibadilisha, badilisha kondensa pia. Nafasi ikiongezeka taimingi inatangulia, kwa hiyo baada ya kupanga pointi kagua taimingi. Plagi ziwe na nafasi ya 0.7 hadi 0.8 kwa gari la pointi. Toyota nyingi za elektroniki hutumia 1.1. Ukirudisha nyaya, mpangilio wa injini hizi za silinda nne ni 1-3-4-2.

Tukuyu na Rungwe kwa ujumla, mvua na ukungu vinaingia ndani ya kifuniko cha distributa. Kifungue, kikaushe kwa kitambaa, ukitazame kwenye mwanga. Mstari mwembamba mweusi kati ya nguzo mbili ni njia ambayo cheche imejichorea, na haifutiki kwa kusugua, nunua kingine. Usiku, injini ikiwa inanguruma gizani, boneti wazi, nyaya zinazovuja zinajionyesha zenyewe kwa vicheche. Kwa mita, waya wa plagi usizidi kiloomu 25.

Gari linalozimika katikati ya kupanda Kitonga na kuwaka baada ya nusu saa ya kupoa, shuku koili au moduli. Ipime ingali ya moto palepale kando ya barabara, kwa sababu ikishapoa itakupa namba nzuri.

Baada ya kuwaka

Fungua kila maungio ya kusokota uliyokutana nayo, weka ya kubana au ya kulehemu kwa risasi, na ufunike kwa mpira. Pima chaji injini ikinguruma: 13.8 hadi 14.5 kwenye nguzo za betri. Mwisho, zima kila kitu, funga milango, chomoa hasi ya betri na uweke mita kwenye ampia kati ya nguzo na waya. Gari la zamani lisivute zaidi ya miliampia 50. Ikizidi, chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Fyuzi iliyoishusha ndiyo yenye njia inayokunywa betri usiku, na mara nyingi utakuta ni ya redio au ya ile alamu.